Kidole Kisichokunjika

Hakuna ajuaye muziki wa selo kunizidi mimi, na mimi nimeusikia mara moja tu, tena kupitia ukuta wenye ufa, nyuma ya jukwaa.

Siku hiyo ukumbi ulijaa. Shamte, mpiga selo, ile fidla kubwa inayobanwa kwa magoti, alikuwa ametangaza kwamba anafufua muziki wa Mkatalani mmoja, mtu wa Hispania, aliyekufa akasahaulika miaka mia iliyopita. Watu walimwamini kwa sababu Bi Zuwena, mpiga piano, alikubali jina lake liandikwe kwenye tangazo.

Sasa Bi Zuwena alikuwa nyuma ya pazia, anapekua karatasi za muziki.

"Shamte, hicho kidole chako cha mwisho, kile kilichobanwa na mlango, kimeanza kukunjika?"

"Hakikunjiki, dada. Si unajua."

"Najua. Kila muziki tunaopiga, wewe hufuta noti zinazokitaka. Humu hujafuta hata moja."

"Bahati tu."

"Kumbe marehemu alikuonea huruma kabla hujazaliwa."

Shamte akacheka, akaona amecheka peke yake. Pazia likaanza kufunguka, naye bado amekificha kidole nyuma ya selo.