Kete Nyekundu Iliyoachwa

Kifungua mimba aliinua kete yake nyeusi. Mbele yake, kete nyekundu ya mdogo wake ilikaa wazi, haina mlinzi, inangoja kuliwa.

Ubao ule wa pembe tatu aliuchonga marehemu baba yao, seremala, wacheze watatu: wao wawili na mama. Mama alishinda miaka yote kwa sababu moja tu: wanawe walikuwa paka na panya. Wao waliumizana, yeye akaokota mabaki. Hata kwenye mazishi ya baba hawakupeana mkono.

Mkono wa kifungua mimba ukaning'inia juu ya nyekundu. Kisha mkono ukahama taratibu, ukala kete nyeupe ya mama.

"Hukuiona ya mwenzako?"

"Ipi tena, mama?" akajibu, macho ubaoni.

Kitinda mimba naye akaiacha nyeusi iliyokuwa mbele yake kama chakula mezani, akala nyeupe nyingine. Hakutamba, wala hakumtania mtu.

Mama akageukia cherehani yake pale dirishani. Asubuhi wanawe walimwambia wameifunga kamba ili waisogeze, wafagie chini yake. Sakafu ilikuwa bado na vipande vya nyuzi vya jana.

Akazilaza kete zake zilizobaki, moja moja.

"Haya, mmepatana nihame. Nakwenda kwa nani kati yenu? Au kuna mahali mmenitafutia?"

Wanawe wakatazamana.