Hondohondo na Ghala la Wilaya

Zamani isiyo ya mbali sana, Hondohondo alikuwa na kipindi cha asubuhi kwenye redio ya wanyama. Alitetea mambo ya kale, na aliwachambua wakubwa wa wilaya na wa taifa mpaka wasikilizaji wakasahau chai mezani.

Siku moja aliligeukia ghala ambalo wilaya ilitaka kuwajengea wenye njaa.

"Babu zetu hawakulishwa na serikali," alinguruma. "Kila mnyama ajitafutie. Asiyeweza kutoka, shauri yake."

Simu ikalia. "Nakuunga mkono, baba watoto," ilisema sauti aliyoifahamu vizuri sana.

Manyoya yalimsimama. Mkewe alikuwa ndani ya shimo la mti, mlango umezibwa kwa tope kama ilivyo desturi ya hondohondo, akilalia mayai na kungoja matunda ya kuletewa na mumewe.

"Kwa hiyo nimebomoa tope," mke aliendelea kwa upole. "Naenda kujitafutia. Mayai nimekuachia, yasije yakapoa."

"Mama watoto, subiri kidogo. Tuko hewani."

"Najua. Ndiyo maana nimepiga sasa."

Hondohondo alimwachia mtangazaji mwenzake, Kanga, kipaza sauti, akaruka mbio nyumbani.

Kesho yake kipindi kilirushwa kutoka shimoni. Aliwachapa mawaziri kwa raha zake zote, kama kawaida. Kisha msikilizaji mmoja akauliza habari za lile ghala.

"Lijengwe," alisema Hondohondo, huku tumbo likimnguruma na macho yakimtafuta mkewe angani. "Tena lijengwe karibu na hapa."