Kampeni ya Wifi

Fundi alisimamisha cherehani, hakuyaamini macho yake. Wifi yake, yule yule aliyeapa kumtoa katika nyumba hii, alikuwa amepanda kiti barazani akibandika bango: LUGHA YA ALAMA IINGIE KATIBANI. PIGA KURA YA NDIYO.

Fundi alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa, na wifi huyo ni mke wa kaka yake. Walichukiana kwa moyo mmoja. Wifi alimfungia jiko na kumpaka matope kwa wateja. Fundi alimjibu kwa mikono, hadharani: ishara ya mbuzi anayetafuna, ishara ya chura, kisha ile ya mama mzazi, ambayo haihitaji mkalimani. Siku moja wifi alikimbilia polisi. Alirudi amenuna.

Sasa alizunguka nyumba kwa nyumba, jua la utosi.

"Haki ni haki, jirani. Wifi yangu ana lugha kama mimi na wewe. Kwa nini isitambuliwe?"

Kaka mtu alimtafsiria fundi maneno hayo huku machozi yakimlenga. Wifi alijiunga hata na darasa la alama. Kila jioni alimganda mwalimu: hii maana yake nini? Na hii je?

Fundi aliona aibu. Maisha yake yote alitamani kitu kimoja tu, serikali imsemeshe kwa lugha yake. Hospitalini alikuwa akibahatisha. Mahakamani alinyang'anywa kiwanja cha marehemu mumewe bila kuambulia neno. Leo anayempigania ni huyu! Akaweka kazi za watu kando, akamshonea gauni.

Ndiyo ikashinda. Siku mabadiliko yalipotiwa saini, fundi alimpa wifi gauni lake. Wifi akalivaa pale pale, akajigeuza mbele ya kioo. Kisha akanyanyua ndoo ya maji machafu, akaimwaga yote juu ya nguo za wateja.

Mikono ya fundi ikalipuka. Hakubakisha kitu. Wifi akatabasamu, akatoka.

Alirudi na askari na mwanamke mmoja mwenye kitambulisho shingoni. Mkalimani wa serikali! Moyo wa fundi ukaruka kwa furaha.

Mkalimani alimwamkia kwa adabu, mikono yake mizuri, haina haraka. "Dada, unashtakiwa kwa matusi."

Askari akamgeukia wifi. "Haya mama, siku ile tulikwambia mikono si lugha. Sasa ni lugha. Alisemaje?"

Wifi akakunja mikono ya gauni jipya, akayarudia yote, mbuzi, chura na mama mzazi, bila kukosea hata kidole.