Mkokoteni Usio na Magurudumu

"Barabara imeuzwa?" aliuliza Shekuwe kwenye kizuizi cha barabara. Mkokoteni wake ulibeba nyanya za harusi ya bintiye, na wapishi walikuwa wakimngoja ng'ambo.

"Haijauzwa, mzee. Imekodishwa," karani alijibu.

"Kwa nani?"

"Hata mimi sijaambiwa. Ila kila gurudumu lina tozo."

"Sitalipia njia niliyoichimbia mitaro kwa mikono hii!"

Shekuwe akarudi nyuma ya foleni. Akayang'oa magurudumu mawili, akayafunika kwa kanga pamoja na nyanya, kisha yeye na wachukuzi watatu wakaunyanyua mkokoteni mabegani.

Kuona hivyo, madereva walizima injini, wakashuka kupokezana walichodhani ni jeneza. Karani naye akainua kizuizi haraka, akaja kutia bega.

"Marehemu nani?" alinong'ona.

Shekuwe alikaza macho mbele. Tone jekundu likadondoka kwenye shati jeupe la karani.