Kikohozi cha Chumbani

Mama alikohoa chumbani kwake, nami nikashusha pumzi, nikarudi kwenye cherehani. Tangu augue, nikisikia tu kikohozi hicho roho yangu hutulia.

“Mama, nikuletee chai?”

Hakujibu. Alikohoa tena, vilevile, mara mbili na mkwaruzo mwishoni.

Mguu wangu uliganda kwenye pedeli.

Kasuku wetu mdogo hukaa na mama chumbani. Watu wakiongea, yeye hutega sikio na kutulia, ana adabu kuliko wanangu. Asichokiweza ni ukimya. Nyumba ikipoa sana, ndipo huanza kutuiga, na haachi mpaka mtu amjibu.

“Mama?”

Kasuku akatokea mlangoni akitembea kwa miguu, manyoya yamemsimama. Akanitazama usoni, akakohoa.