Kidole cha Chura wa Falonne

Kidole kilikuwa kimerudi.

Jana yake Kambere alikuwa amevihesabu vizuri: mguu wa mbele wa kushoto, vidole vitatu, na kijikovu mahali pa cha nne. Asubuhi hii chura aliyejibandika kwenye kioo cha bokali, ile chupa ya mdomo mpana, alikuwa na vidole vinne kamili. Kambere aliendesha lori miaka kumi na sita kati ya Butembo na Kasindi. Mtu wa namna hiyo humwambii kwamba tairi lililopasuka limejiziba lenyewe.

"Mama Falonne," aliita. "Huyu hapana chura wa jana."

Kavira, mkewe, alikuwa anapanga ndizi kikapuni kwa ajili ya soko. Hakugeuka. "Iko ule ule. Macho yako ndiyo imechoka."

Yachoshwe na nini? Lori lake lilichukuliwa na askari mwezi wa Agosti, wiki ileile vita vilipoanza upya na barabara ya kusini ikafungwa. Falonne, binti yao wa pekee, mwenye miaka tisa, alikuwa Luofu, huko huko kusini, kwa nyanya yake, anamalizia likizo. Hakurudi. Hata barua haikuja.

Kambere na mdogo wake Malachie waliazimia kumfuata kwa miguu. Asubuhi ya kuondoka, mkoba umeshafungwa, Kavira akaweka bokali mezani. Ndani yake mlikuwa na chura mdogo wa mti, kijani kibichi, macho yamemtoka.

"Falonne aliacha huyu. Alisema papa yake amuchungie. Mie niko ku soko muchana kutwa. Nani atamulisha?"

"Mutoto wangu anafuga chura?"

"Utajua nini juu ya mutoto, wewe mutu wa barabara?"

Hapo alimpata. Kambere hakujua mwanawe anapenda chakula gani, sembuse mnyama gani. Aliona haya. Akamwambia Malachie atangulie, yeye angemfuata baada ya wiki moja, akishamzoesha chura kula.

Alianza vibaya. Alimpa bugali, chura akautazama tu. Alisugua bokali kwa sabuni, siku ya pili chura akalegea na kubadilika rangi, lakini kesho yake, ajabu, alikuwa mzima anarukaruka. Polepole Kambere akajifunza: wadudu walio hai peke yao, maji ya mvua, jani bichi la mgomba, kipande cha chandarua badala ya kifuniko. Mwanamume mzima, kifua kama mlango, akawa anakimbiza nzi uani huku majirani wakicheka.

Na kila Kambere alipougusa ule mkoba wa safari, Kavira alikumbuka agizo jingine la mtoto. Chura ale mara tatu kwa siku. Chura asiachwe peke yake mchana. Chura asibebwe na mkono mwingine ila wa papa.

Oktoba, watu waliokimbia kutoka kusini walisema waliiona kofia ya Malachie njiani, kabla ya Kanyabayonga. Malachie mwenyewe hawakumwona.

Kambere alilia siku mbili. Siku ya tatu alimwambia mkewe jambo ambalo hakumwambia hata padri: "Chura akiwa muzima, na Falonne iko muzima. Najua hivyo." Kavira aliinama, akajifanya anafunga kiatu.

Ndiyo maana kile kidole kilimtia baridi. Kama huyu hakuwa yule wa jana, yule wa jana alikuwa wapi? Na kwa nini Kavira amfiche?

Kesho yake, kulipopambazuka, Kavira alitoka bila kikapu. Kambere alimfuata mpaka bondeni, kwenye matete ya mto Kimemi. Akamkuta ndani ya maji mpaka magotini, kitenge kimelowa, kikombe mkononi amekifunika kwa kiganja.

"Unafanya nini?"

Kavira alikibana kikombe kifuani.

"Ulimuua chura wa mutoto!"

"Hapana kuua. Walikufa benyewe," alisema. "Na wa jana alikufa usiku. Huyu iko wa sita."

Sita! Basi kumbe hata ile mara ya sabuni. Miezi mitatu alikuwa anasali juu ya uwongo. Hakumpiga, hakumtukana, lakini hakumsemesha tena. Alimchukua yule wa sita akamtunza kwa hasira, bokali kando ya kitanda chake mwenyewe, na kila alipomtazama Kavira alimwona mtu aliyemzika mtoto bila kumwambia baba.

Desemba, siku mbili kabla ya Noeli, lori la maharage lilisimama barabarani, na juu ya magunia alikuwa amekaa Falonne. Amekonda, amekatwa nywele, mzima.

Kambere alimbeba mpaka ndani kama mtoto mchanga. Alicheka, akalia, akacheka tena. Kisha akakumbuka deni la moyo wake, akamsimamisha mbele ya bokali na kupiga magoti.

"Unisamehe, mama yangu. Chura wako, ule ulioniachia, alikufa. Mama yako alikuwa anatia bengine, mie hapana kujua."

Falonne alitazama bokali, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"Chura gani, papa? Lakini mie naogopaka bachura tangu kitoto. Mama anajua."

Kambere alimgeukia mkewe. Kavira alikuwa ameushusha ule mkoba uliotundikwa msumarini tangu Agosti, na sasa, taratibu, alikuwa anatoa nguo za safari za mumewe, moja moja, na kuzirudisha kabatini.