Mbuzi ya Kukunia Nazi

Mama yake alipompa mbuzi yake ya kukunia nazi, Mize aliipokea akicheka. "Nilikuwa naitamani siku nyingi!"

Wiki tatu baadaye, bombani, jirani akamwambia, "Mama yako kanipa kinu, Mungu amzidishie." Mwingine akadakia kwamba yeye kapewa kanga za harusi. Mize akaiacha ndoo ikifurika, akapita kwake kuchukua mbuzi na nazi moja.

Alimkuta mama kaketi kitandani, chumba kimefagiliwa, kitupu. Tangu baba azikwe Mize alikuwa akiwaambia watu, "Mama katulia siku hizi." Katulia!

"Mama, unataka kufa?"

Mama akatazama viganja vyake. "Nimechoka, mwanangu. Nawalemea tu."

"Nisamehe. Nilichukua, hata sikukuuliza kwa nini unatoa." Mize akaikunjua mbuzi sakafuni, akaipasua nazi. "Leo siondoki hapa. Nikunie, mama. Mimi huikwangua mpaka kifuu."

Mama akanyoosha mkono, akaipita nazi, akaanza kupangusa kwa upindo wa kanga vumbi lililojaa kwenye mbuzi.